Sekunde 178 kati ya Walikale na Masisi

Banyankore, watu wa Nkore, husimulia kwamba jua lilianguka kwenye kilima cha Biharwe. Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa ameshuka na jeshi lake kuvamia Nkore, akapenya hadi Rwanda. Alipokuwa anarudi na mifugo aliyoiteka, giza lilimkuta mchana kwenye kilima hicho kilicho karibu na mji wa leo wa Mbarara. Askari wakakimbia, ng'ombe wakabaki, na Nkore ya mfalme Ntare Nyabugaro ikapata utajiri ambao haikuutolea jasho. Mwaka 1959 J. Sykes alilichambua tukio hilo kama kupatwa kwa jua katika jarida la Uganda Journal. Mwaka 1963 Sir John Gray, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akatetea mwaka 1492 katika jarida hilohilo. Wanahistoria wengi wameishia kwenye tarehe 17 Aprili 1520, na tarehe hiyo imekuwa nguzo: orodha za wafalme wa eneo lote la Maziwa Makuu zimefungwa hapo, na miaka mingi inayotajwa kwa kujiamini katika vitabu vya Bunyoro, Nkore na Rwanda imehesabiwa kuanzia hapo.

Nguzo yenye mzigo mkubwa hivyo inastahili kukaguliwa. Nataka kueleza jinsi njia ya kivuli cha Mwezi cha karne ya 16 inavyokokotolewa, na kipimo changu kitakuwa miji miwili ya Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale. Sababu ni ya kijiometri. Yote miwili iko karibu latitudo 1.4 kusini mwa Ikweta, ila Masisi iko longitudo 28.8 mashariki na Walikale 28.05 hivi. Ukitoka mmoja kwenda mwingine kwa mstari ulionyooka, unasafiri karibu magharibi tupu kwa kilomita 83, kutoka milima ya malisho hadi ndani ya msitu.

Chombo cha hesabu kilitungwa na Mjerumani Friedrich Bessel katika karne ya 19. Uso wa Dunia ni mviringo na unazunguka, kwa hiyo kufuata kivuli moja kwa moja juu yake ni kazi ngumu. Bessel aliwaza bapa linalopita kwenye kitovu cha Dunia, limesimama wima kwa mhimili wa kivuli cha Mwezi. Juu ya bapa hilo kivuli huwa duara linalosafiri karibu katika mstari ulionyooka. Namba zinazohitajika ni chache: kitovu cha duara kiko wapi kwa saa fulani, ukubwa wa duara, mhimili unaelekea upande gani wa anga, na mwisho, Dunia imegeuka kiasi gani saa hiyo. Namba za mwanzo hutokana na mwendo wa Mwezi na Jua, na mwendo huo unafahamika vizuri hata ukirudi nyuma miaka 500. Namba ya mwisho ndiyo yenye taabu, kwa sababu Dunia si saa nzuri.

Maji kujaa na kupwa, kwa nguvu za Mwezi, huipunguzia Dunia mwendo wake wa kuzunguka, huku Mwezi ukisogea mbali kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Siku hurefuka kwa chini ya milisekunde 2 kwa karne, lakini upungufu huo hujilimbikiza siku baada ya siku. Athari yake huonekana wazi ukirudi nyuma zaidi. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, wanajimu wa Babeli waliandika kwamba jua lilifichwa lote. Ukikokotoa kana kwamba Dunia haijawahi kubadili mwendo, kivuli kinaangukia kisiwa cha Mallorca katika bahari ya Mediterania, karibu digrii 49 magharibi mwa Babeli. Tofauti ya muda inayoleta kosa hilo wanaastronomia huiita delta T.

Kwa mwaka 1520 delta T ni kama sekunde 178, na namna ilivyopatikana inanigusa sana. Hakuna mtu aliyesimama Nkore mwaka huo akiwa na saa. F. Richard Stephenson na Leslie Morrison walikusanya rekodi za kupatwa kwa jua na mwezi kutoka Babeli, China, Ulaya na ulimwengu wa Kiislamu, zikiwemo zile zilizohifadhiwa na Ibn Yunus wa Kairo miaka kama 1,000 iliyopita, kisha wakachora mkunjo unaopita katikati yake. Kwa hiyo usiku na mchana wa wale waangalizi wa Kairo ndio unaotuwezesha kusema kitu kuhusu ng'ombe wa Biharwe.

Sasa rudi Kivu. Kwenye Ikweta ardhi husogea mita 464 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa 178, utapata kilomita 83, yaani umbali uleule wa kutoka Walikale hadi Masisi. Mkokotoaji wa mwaka 1520 anayesahau delta T, na hesabu yake ikamwambia kwamba katikati ya kivuli ilipita Walikale, kwa kweli anazungumzia anga la Masisi. Daima njia halisi iko mashariki ya ile ya uongo, kwa sababu Dunia ya wakati ule ilikuwa bado haijageuka kufikia pale anapodhani.

Madhara yake hutegemea mwelekeo wa kivuli. Kikienda sambamba na Ikweta, kosa hilo linakisogeza juu ya njia yake yenyewe: saa hubadilika, mahali hapabadiliki sana. Njia ikiikata Ikweta kwa pembe ya digrii 30, inahama kando kwa nusu ya umbali, yaani kilomita 41. Na kingo za kivuli hazina huruma. Jua kamili linang'aa kama mara 400,000 ya mwezi mpevu, kwa hiyo hata asilimia 1 ikibaki, huo ni mwanga wa miezi mipevu 4,000. Aliye nje ya kingo ataona mchana umefifia tu. Aliye ndani ataona nyota.

Habari njema ni kwamba shaka iliyobaki katika delta T ya karne hiyo ni sekunde 20 hivi, yaani kilomita 9 hivi. Kuna pia marekebisho ya mwinuko: jua likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, mahali palipoinuka kilomita 1 hukutana na kivuli kama kilomita 1.7 kuelekea upande wa jua. Katika nchi yenye malisho ya Masisi juu na msitu wa Walikale chini, jambo hilo linafaa kuingizwa, ingawa ni dogo.

Onyo moja kwa wanaofungua vitabu vya zamani. Theodor von Oppolzer alichapisha mwaka 1887 orodha ya kupatwa kwa jua mara 8,000, kazi kubwa iliyofanywa kwa mkono. Lakini ramani zake zilichorwa kwa kupitisha tao kwenye nukta tatu tu: kivuli kinapogusa Dunia wakati wa macheo, adhuhuri na machweo. Katikati ya nukta hizo tao linaweza kukosea kwa mamia ya kilomita. Usilitumie kuamulia kijiji. Siku hizi mtu aliye Goma na kompyuta ya kawaida anaweza kurudia hesabu yote kwa dakika chache, akikumbuka kwamba 17 Aprili 1520 ni ya kalenda ya Julius. Kwa kalenda yetu ni 27 Aprili.

Kwa maoni yangu, basi, udhaifu wa tarehe ya Biharwe hauko angani. Jean Meeus alikokotoa kwamba mahali pamoja husubiri wastani wa miaka 375 kati ya kupatwa kamili kumoja na kwingine. Uhaba huo ndio unaofanya tukio hili kuwa ushahidi wenye nguvu. Lakini kati ya 1492 ya Gray na 1520 kuna miaka 28, takriban kizazi kimoja. Mfalme mmoja akiongezwa au akisahauliwa katika orodha, uamuzi unageuka. Rwanda imeshapata somo hilo. Mwanahistoria Alexis Kagame alitumia kupatwa kwa mwaka 1741 kuweka mwanzo wa utawala wa mfalme Mibambwe Sentabyo. Baadaye Jan Vansina akamteremsha hadi mwishoni mwa karne hiyo. Hesabu ya kivuli haikuwa na kosa. Kilichohama ni mfalme.

Kwa hiyo nawasihi wanaokusanya masimulizi ya Bahunde huko Masisi na ya Banyanga huko Walikale wasianze na tarehe. Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unampeleka shujaa mbinguni na kumkutanisha na Jua na Mwezi. Ni fahari ya Banyanga, lakini si taarifa ya kupatwa kwa jua, na kuukamua ili utoe mwaka ni kuudhulumu. Kinachotakiwa ni kumbukumbu ya mchana mmoja: mwami, yaani mtawala, alikuwa nani, watu walikuwa kijiji gani, nyota zilionekana au la.

Na mzee aulizwe jua lilikuwa wapi lilipofichwa, upande wa Ziwa Kivu, yaani mashariki, au upande wa Lubutu, yaani magharibi. Mahali pakishajulikana, hesabu hutoa saa ya giza bila kukosea hata dakika chache. Kwa hiyo jibu la "asubuhi, ng'ombe wakitoka" linatosha kufuta kila kupatwa kulikotokea hapo alasiri, bila mzee kutaja mwaka wowote.