Sauti Iliyofunikwa: Ngano katika Ujifunzaji wa Kijapani

Rai kwamba ngano ni mlango mwepesi wa kuingilia Kijapani ina mashiko. Ngano ni fupi, matukio yake hurudiwa, na msamiati wake ni wa nyumbani. Hata hivyo, rai hiyo hukwepa swali la kimsingi: ngano ikishachapishwa, mwanafunzi husoma lugha ya nani?

Manufaa ya kisarufi hayana shaka. Katika Momotaro, kisa cha mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi, fomula ya mwanzo, mukashi mukashi, hufuatwa na mzee na mkewe wanaotambulishwa kwa kipashio ga. Wanapotajwa tena, mume akienda mlimani kutafuta kuni na mke mtoni kufua, ga humpisha wa. Tofauti hiyo, ambayo Susumu Kuno aliihusisha mwaka 1973 na habari mpya na habari iliyokwisha kujulikana, huwatatiza wageni kwa muda mrefu. Ngano huidhihirisha katika sentensi mbili. Msomaji wa Kiswahili ana wepesi wa ziada, kwani naye hutambulishiwa mhusika kwa "paliondokea mzee" kabla ya kuambiwa "mzee akaenda". Vilevile umbo la -te, linaloandamanisha vitendo bila kurudia njeo, halitamwia geni aliyelelewa na -ka- ya masimulizi. Tanakali donburako, ya pichi likielea mtoni, nayo hukaa akilini kuliko orodha yoyote ya msamiati.

Lakini matini hii nyepesi ni zao la shule. Katika matoleo mengi ya zama za Edo, wazee hao hula pichi, wakarudia ujana, na mtoto akazaliwa na mama kama watoto wengine. Vitabu vya kusomea vya zama za Meiji (1868–1912) vilieneza kisa cha mtoto kutoka tundani, na toleo hilo likafunika mengine. Wala matumizi yake hayakukomea darasani: mwaka 1945 filamu ya katuni Momotaro: Umi no Shinpei ilimfanya shujaa huyo kamanda wa kijeshi. Anayesoma Momotaro kama sauti safi ya wanakijiji husoma pia sera ya dola.

Hata kazi ya kitaalamu haikuepuka ufunikaji huo. Tono Monogatari ya Kunio Yanagita, iliyotolewa mwaka 1910, ilitokana na masimulizi ya Kizen Sasaki, mwenyeji wa eneo la Tono. Yanagita aliyaandika kwa Kijapani cha kiandishi cha kale, si kwa lahaja ya msimulizi. Visa vilihifadhiwa, fanani akanyamazishwa.

Hasara hiyo ni ya kilugha pia. Kimalizio tosa, kinachodokeza kwamba msimulizi anapokeza aliyoyasikia, hubeba uhusiano wa fanani na hadhira. Matini ya darasani inayokiacha hufundisha sentensi bila msemaji. Aidha, ngano peke yake haimwandai mwanafunzi kwa lugha ya heshima inayotawala ofisi na ugeni.

Kwa hiyo ngano isiachwe, bali isomwe kwa sauti, ilinganishwe na matoleo ya Edo, kisha isikilizwe katika rekodi za lahaja. Bila hatua hizo, mwanafunzi atahitimu Kijapani cha kitabu cha shule akidhani amefundishwa na bibi wa kijijini.