Picha za kanisa la Baraka zinakata uwanja

Wandugu, kila nikifungua simu naona picha zile zile za kanisa la Baraka: ukuta wa mbele katikati, mbingu juu, basi. Zimepigwa vizuri, sikatai. Lakini zinakata uwanja, na ule uwanja ndio habari yenyewe.

Tarehe 28/11/1964, wakati wa ile vita ya Mulele, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi pale nje, mbele ya kanisa. Padri Luigi Carrara alikuwa ndani anaungamisha watu. Akatoka, naye akauawa karibu ya mwenzake. Jioni ile, kule Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenyeheri hapa Uvira tarehe 18/8/2024.

Sasa wewe fotografe unakata udongo ili mbingu ionekane? Rudi nyuma hatua ishirini. Acha watoto wapite, usiwafukuze. Na bustani usiipige peke yake. Maua bila mlango ni maua ya popote, hata Bujumbura yako. Mimi natafuta picha yenye ule umbali, kutoka mlangoni mpaka alipoanguka Faccin. Sijaiona bado.