Toba Bila Kupona: Walevi Watatu wa Fasihi Yetu

Ukiwauliza wanafunzi wa Kiswahili wamweleze Zakaria wa Rosa Mistika, jibu huja haraka: ni mlevi, ni baba katili, ni chanzo cha maangamizi ya nyumba yake. Tunaandika "madhara ya ulevi" katika orodha ya dhamira, tunapata alama zetu mbili, tunahamia swali linalofuata. Sisemi jibu hilo si sahihi. Shida yake ni kwamba linamaliza mazungumzo pale ambapo yangepaswa kuanza. Zakaria anakunywa, je, angewezaje kuacha? Swali hilo sijaliona katika mtihani wowote, na nikichunguza riwaya na hadithi tulizosoma, naona waandishi wenyewe nao wamelipita kwa mbali.

Tuanze na Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka 1971, na mandhari yake ni Namagondo, kisiwani Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria aliwahi kuwa mwalimu, na ulevi ndio uliomtoa kazini. Mtu huyu asiyeweza kujizuia mbele ya pombe ndiye anayemchunga bintiye kwa fimbo, hata barua ya kijana inatosha kumfanya ampige Rosa vibaya. Wahakiki wengi wameshalionyesha jambo hili: ukali wa baba unamfungia binti nyumbani, na binti akipata uhuru shuleni na chuoni hajui la kuufanyia. Sura ya mwisho inawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.

Ninachotaka kukitazama ni kazi inayofanywa na pombe katika riwaya hii. Pombe inaeleza kila kitu, lakini yenyewe haielezwi. Inaeleza kwa nini Regina anapigwa, kwa nini fedha hazikai nyumbani, kwa nini mwalimu hana tena darasa. Zakaria amepewa dhambi kabla ya kupewa ugonjwa, na sioni katika kijiji kizima mtu anayemshughulikia kama mgonjwa. Ndiyo maana kesi yake inaishia mahakamani, tena mahakama ya mbinguni. Mtu aliyechorwa kama mkosaji tu hana pengine pa kupelekwa.

Mtu anaweza kusema kwamba mwaka 1971 hakukuwa na lugha nyingine. Labda. Lakini hata leo lugha yetu inatutega. Kiswahili husema "dawa za kulevya", kana kwamba kitu hicho kilianza kama tiba kikapotea njia. Kinyarwanda husema "ibiyobyabwenge", yaani vitu vinavyoipotosha akili. Neno la Kinyarwanda linatazama kinachotokea ndani ya mtu, wakati la Kiswahili linatazama kilichomo mkononi mwake. Kisha kuna "teja", neno la mitaani huko Tanzania na Kenya, linalomkumbusha msikiaji "mteja", kana kwamba aliyenunua sana mwishowe ageuke kuwa jina la ununuzi wake. "Mraibu" ndilo neno la heshima zaidi, lakini nalo tunaliandika katika insha kuliko tunavyolitamka.

Sasa tumlete Zakaria huku kwetu. Tumpe nyumba katika mudugudu wowote wa Kigali na tuseme ameamua kuacha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakwenda umuganda kama watu wote. Kazi ikiisha na mkutano ukiisha, wanaume wanaelekea akabari. Wiki inayofuata kuna sherehe ya gusaba, na posa haiendi bila kinywaji. Kisha kuna msiba, na siku ya kumaliza matanga kinywaji kipo tena. Urwagwa, pombe yetu ya ndizi, wazee waliinywa kwa mrija mmoja uliopita mdomo hadi mdomo. Aliyeukataa mrija alikuwa amewakataa walioushika. Siku hizi mrija umegeuka chupa, lakini maana imebaki palepale. Zakaria wetu akiulizwa anakunywa nini, atajibu "fanta", neno ambalo hapa mjini linatosha kwa soda ya kila rangi. Meza itanyamaza kidogo, kisha mtu ataulizia afya yake. Akisema hana ugonjwa, watahitimisha kwamba ameokoka, amekuwa umurokore.

Hizo ndizo sababu mbili tunazomruhusu mwanamume kuacha pombe: tumbo au wokovu. Sababu ya tatu, kwamba mtu anaweza kuwa mraibu anayejitunza siku moja moja, haina nafasi mezani. Na nadhani haina nafasi katika riwaya zetu kwa sababu hiyohiyo.

Ushahidi wangu ni Majisifu. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka 2012, Mwalimu Majisifu ni ndugu yake Mtemi Nasaba Bora, na ni mlevi kupindukia. Naye ni mwalimu, kama Zakaria. Sijui fasihi yetu ina ugomvi gani na walimu. Ameiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Tofauti kubwa ni kwamba Majisifu anabadilika. Wizi unakiriwa, pombe inaachwa, mume na baba anarudi kwa familia yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliifurahia sana sehemu hii, na bado naiona kuwa hatua kubwa kutoka Namagondo. Hatimaye tuna mlevi ambaye mwandishi hakumhukumu kufa.

Lakini tazama inavyotendeka. Kuacha pombe kunafungwa katika kifurushi kimoja na kukiri wizi, kana kwamba ni kosa moja lenye majina mawili. Wizi wa mswada mtu anaweza kuukiri mara moja na ukawa umekwisha: mwenye mali anajulikana na haki yake inarudi. Pombe haina mwenye mali wa kurudishiwa. Mwili uliozoea unatetemeka, usingizi unakata, na kwa mnywaji wa miaka mingi kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza hata kuua. Watumiaji wa heroini wa pwani wana neno lao la maumivu ya kuacha, "arosto", na neno hilo lina fasihi nyingi ndani yake kuliko sura nzima za majuto. Majisifu hana arosto. Ana toba, nayo inamfaa mwandishi kwa sababu toba ni tukio, na riwaya hupenda matukio.

Hadithi ya "Mkubwa" ya Ali Abdulla Ali, katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ndiyo inayokaribia zaidi. Mkubwa anatafuta uongozi ili biashara yake ya unga ipite bila kupekuliwa, na Mkumbukwa, anayemsaidia, analala mahabusu na kuwaona vijana wanavyoteseka kwa bidhaa ileile. Hapo mwili wa mraibu umeonekana. Hata hivyo wanaobadilika katika hadithi ni wauzaji. Vijana wale wa mahabusu wamekuja kumfundisha Mkumbukwa somo, na somo likishaeleweka hatuwaoni tena.

Nje ya vitabu, kupona kuna sura nyingine kabisa. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka, kesho anarudi. Zanzibar zipo soba hausi, nyumba ambazo waliokuwa waraibu wanawasimamia wanaoanza kuacha. Sisi tuna Iwawa, kisiwa cha Ziwa Kivu kilichofunguliwa 2010 kuwa kituo cha kurekebisha vijana wa kiume. Huko wanajifunza useremala, ushonaji, ujenzi na kilimo. Kimesifiwa, na kimelaumiwa pia na watetezi wa haki za binadamu kwa kuwashikilia watu bila kesi. Lawama hiyo ina uzito, na mimi siipuuzi.

Kwa mhakiki, Iwawa inaleta jambo la ajabu kidogo: sisi tunamtoa mraibu katika jamii tunampeleka kisiwani, wakati Zakaria alikuwa kisiwani tangu mwanzo, na ni huko alikoangamia akizungukwa na watu wanaomjua. Maji ya Kivu yanamtenga kijana na muuzaji wake, na hilo si dogo. Lakini boti hurudi. Inamrudisha kijana mwenye ufundi wa seremala katika mudugudu uleule, kwa marafiki walewale, kwenye swali lilelile la "unakunywa nini?"

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu hii alinipinga: riwaya si faili la hospitali, na mtu anayeamka kila siku bila kunywa hana ploti. Ni pingamizi zuri. Hata hivyo kusubiri ni ploti. Jirani anayemtazama aliyerudi, akisubiri aanguke ili apate la kusema, ni ploti. Mke anayenusa shati la mumewe kabla ya kulifua, mwaka wa tatu sasa tangu aache, naye bado hajaamini: Regina angeweza kupewa ukurasa huo. Kezilahabi, aliyetuandikia aibu ya kijiji kidogo kwa ukali ule, angeuweza. Alifariki Januari 2020, na Walibora akamfuata Aprili ya mwaka huohuo.

Kwa hiyo nikirudi kwa Majisifu, sura ninayoikosa ni ile ya mwaka mmoja baadaye. Kuna harusi katika Sokomoko. Dora ameketi upande wa wanawake, anaiona meza ya mumewe lakini hasikii kinachosemwa. Mhudumu anapita na kreti, anaweka chupa mbele ya kila mtu bila kuuliza, na mbele ya Mwalimu Majisifu pia anaweka moja.