Lisilowezekana huweza kusadikika

SIFA za filamu '12 Angry Men' nilizisikia miaka mingi kabla ya kuiona. Siku nilipoitazama hatimaye, nilivumilia hadi tamati, kisha nikasema: aka, haiwezekani!

Filamu hii ya Sidney Lumet ilitoka mwaka wa 1957 na chimbuko lake ni mchezo wa televisheni ulioandikwa na Reginald Rose. Raia 12 wamefungiwa chumbani jijini New York siku ya joto kali. Kazi yao ni kuamua iwapo kijana wa miaka 18 alimuua babake kwa kisu. Wakisema ana hatia, adhabu ni kifo. Kura ya kwanza inapopigwa, 11 wanasema ana hatia. Mmoja tu, anayeigizwa na Henry Fonda, anasema ana shaka. Filamu haifiki hata saa mbili, na inapoisha wote wamegeuka!

Kilichonikera zaidi kilikuwa kile kisu. Upande wa mashtaka ulidai kisu kilichoua hakina mfano. Mara Fonda anachomoa kingine kama hicho mfukoni, eti alikinunua katika mtaa wa mshtakiwa. Wanasheria wameilalamikia sana sehemu hiyo, na wana haki. Mwamuzi wa aina hii haruhusiwi kujitafutia ushahidi nje ya mahakama. Katika kesi halisi, jambo hilo lingetosha kuivuruga kesi nzima ikaanza upya.

Miezi kadhaa baadaye niliirudia filamu hiyo, safari hii nikifuatilia namna kila mmoja anavyobadili msimamo. Aliyelelewa katika mtaa wa mabanda anajua jinsi kisu cha kukunja kinavyoshikwa, na hivyo anatilia shaka jeraha lililoelekea chini. Mzee kuliko wote ndiye anayemwelewa shahidi mkongwe aliyetamani kusikilizwa angalau mara moja. Mwenye miwani, mtu wa hoja baridi, anakwama anapokumbushwa alama ambazo miwani huacha puani, kwa kuwa shahidi mwanamke alikuwa nazo. Wa mwisho kusalimu amri ni baba aliyekosana na mwanawe. Kumbe hasira zake hazikuwa za mshtakiwa!

Basi hawakugeuzwa na ulimi wa Fonda pekee. Kila mmoja aliguswa na jambo alilokuja nalo kutoka maishani mwake. Hapo nilisadiki.

Kiswahili kinatusaidia kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya, yaani kuwezekana na kusadikika. Kuwezekana hupimwa kwa sheria za ulimwengu huu, ilhali kusadikika hupimwa kwa mantiki ya kazi yenyewe. Aristotle aliligusia jambo hili alipopendelea lisilowezekana lakini linasadikika kuliko linalowezekana lakini halisadikiki. Naye Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani, mahali pasipokalika na mtu, halafu akaiita Kusadikika! Msomaji wa kitabu hicho haulizi watu wa huko wanakanyaga nini. Anataka kujua ikiwa Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, atasikilizwa.

Nasisitiza haya kwa sababu wanafunzi wetu wa fasihi wana mazoea ya kuandika "jambo hili haliwezekani" na kudhani wamehakiki. Hapo uhakiki haujaanza. Swali ni je, mhusika aliyechorwa hivyo, katika hali hiyo, angetenda hivyo?

Sisemi filamu hii haina dosari. Kisu kile bado kimenikwama kooni. Kimeletwa kwa sababu mtunzi alikihitaji mezani, na hata mantiki ya hadithi haikitetei vya kutosha. Lakini dosari moja haitoshi kuihukumu kazi nzima. Mara ya kwanza niliihukumu kwa haraka ileile ya wale 11, waliotaka kumaliza waende zao.