Istilahi "Maelezo Binafsi" na "Mdhamini": Uchambuzi Mfupi

Istilahi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha, bali kwa kazi inayoifanya mikononi mwa mtumiaji. Kwa kipimo hicho twakusudia kuchambua istilahi mbili zilizozoeleka katika matangazo ya ajira za umma nchini.

Tumchukue, kwa mfano, mhitimu wa Tandahimba anayeomba kazi ya utafiti wa korosho katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Tangazo lamtaka aambatishe "maelezo binafsi". Akiyafuata maneno hayo yalivyo, ataandika mahali alipozaliwa, hali yake ya ndoa na majina ya wazazi, kwani hayo ndiyo mambo ya nafsi yake. Lakini watafiti watakaomchambua watataka kujua mada ya tasnifu yake, tafiti alizoshiriki, machapisho na ufundishaji. Neno "wasifu" peke yake nalo halitoshi. Wengi hulijua kwa wasifu wa marehemu usomwao mazikoni. Kwa maoni yetu, "wasifu wa kitaaluma" yafaa zaidi, maana yataja kinachotakiwa.

"Mdhamini" ina madhara makubwa zaidi. Mahakamani, mdhamini ni mtu anayejifunga kwamba mshitakiwa atahudhuria. Katika fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mdhamini hujifunga kuhusu deni. Kote humo maana ni moja: kubeba dhima ya mwingine. Basi si ajabu kijana wetu akimwandika mjomba wake, ambaye kwa mila ya Wamakonde ndiye mwenye kauli juu yake, au mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika. Mwajiri hatafuti mtu wa kulipa; amtafuta mhadhiri aliyemsimamia mwombaji na kuijua kazi yake.

Twapendekeza "mrejelewa", yaani mtu anayerejelewa ili kuulizwa. Umbo hili ni la kawaida, kama "mteuliwa" na "mshitakiwa".

Yawezekana kusemwa kwamba "mdhamini" imekwisha kuzoeleka. Mazoea ni hoja nzito. Lakini istilahi yenye kazi yake kisheria haifai kubebeshwa kazi ya pili, hasa pale kosa la kuielewa linapomnyima mtu ajira.

Wakati mjadala ukiendelea, watayarishaji wa matangazo hawana budi kueleza kwa maneno mepesi: "Taja watu watatu wanaoijua kazi yako ya kitaaluma."