Kumi na Mbili Nukta Tano

Kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, wapiga picha hujazana kwa aliyelala kitandani, mkono umenyooshwa. Anayebaki na rejista baada ya gari la Damu Salama kuondoka Bariadi hapigwi picha. Huyo ndiye ninayemsifu: mhakiki wa takwimu, anayezitilia shaka tarakimu bila kuwatilia shaka watu.

Tuseme ameshika safu moja tu, ya wingi wa damu. Ili uchangie unatakiwa uwe na kilo zisizopungua 50 na himoglobini isiyopungua gramu 12.5 kwa desilita. Anafungua rejista, anakuta 12.5, 12.5, 12.6, 12.5, na 12.4 haipo hata moja. Mkulima wa pamba wa Itilima angemwelewa upesi: mizani inayosoma kilo kamili kwa kila mfuko, hata kama bado haijamwibia, ataikodolea macho.

Mwenye pupa angesema karani amedanganya. Mhakiki huuliza kwanza kilitumika kipimo gani. Kwa njia ya zamani tone la damu hudondoshwa kwenye maji ya mrututu. Likizama upesi, mchangiaji amepita. Mrututu hautoi namba. Karani aliyeandika 12.5 alijaza tu kisanduku ambacho fomu ilimtaka akijaze. Lakini kama ilitumika mashine, pengo lile chini ya 12.5 lina habari nyingine: huruma pengine, au haraka ya kutimiza lengo la chupa.

Habari hiyo ni ya afya. Chupa moja ni mililita 450 hivi, na ndani yake huondoka miligramu 200 na zaidi za madini ya chuma. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu yetu imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Binti mwenye 11.9 iliyoandikwa 12.5 anashuka kitandani akiwa mzima kwenye karatasi, na kizunguzungu chake hakina safu. Asiporudi, rejista inabaki na waliorudi, yaani wenye nguvu zao. Atakayewahesabu hao peke yao atasema kuchangia hakumchoshi mtu. Kwangu huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa kuwa kila tarakimu iliyomo yaweza kuwa sahihi.

Kumtafuta asiyerudi ni kazi ya majina, na Usukumani majina ni makaidi. Ng'wandu wa rejista ya Maswa ni Mwandu Bariadi. Maria anaandikwa Malia, kutegemea sikio la karani. Kompyuta itaona wanawake wawili, kumbe ni mmoja aliyetoa damu tena kabla ya kutimiza miezi minne anayotakiwa kusubiri. Mhakiki hulinganisha mwaka wa kuzaliwa, kijiji na kundi la damu. Wala hafuti kilichoandikwa: marekebisho huyaweka safu ya pembeni, pamoja na tarehe na sababu.

Ningeulizwa kuhusu fomu hizo, ningeomba mambo mawili. Kiwepo kisanduku cha kipimo, mrututu au mashine. Na swali la lini ulichangia mara ya mwisho liulizwe kwa msimu, kabla ya palizi ya pamba au baada ya mavuno, halafu karani mwenyewe atafute mwezi.