Kamera Ndogo ya Agnès Varda na Mkono Uliobaki Huru

Filamu ya Agnès Varda, Les glaneurs et la glaneuse (2000), husifiwa kwa sababu sehemu zake nyingi zilipigwa kwa kamera ndogo ya dijitali. Wenzangu wanaotaka kutengeneza sanaa ya video kwa simu huitaja kama kibali: ikiwa yeye aliweza, sisi je? Naona sifa hiyo inapita kando ya jambo lenyewe. Varda, aliyezaliwa 1928, alikuwa akitengeneza filamu nchini Ufaransa tangu miaka ya 1950. Kamera kubwa alizijua vizuri. Faida aliyoipata safari hii ni kwamba kamera ilishikika kwa mkono mmoja, na ule wa pili ukabaki huru.

Mkono huo ndio kiini cha filamu. Anaupiga picha ukiwa na mikunjo na madoa ya uzee. Akiwa garini anakunja vidole kuwa duara na kujaribu kuyadaka malori yanayopita. Shambani anaokota viazi vyenye umbo la moyo, vilivyotupwa kwa sababu madukani havitakiwi: mkono mmoja waokota, mwingine wapiga picha. Hapo jina la filamu linaeleweka. Waokotaji ni wale wanaoingia shambani kufuata masazo baada ya mavuno, kama Ruthu wa Biblia, na yule mwokotaji mmoja wa kike ni Varda mwenyewe.

Uhariri nao unaokota. Kuna mahali alisahau kuizima kamera, ikaendelea kurekodi ardhi huku kifuniko cha lenzi kikining'inia na kuyumba. Mhariri mwingine angekikata kipande hicho mara moja. Yeye alikibakiza, akakiwekea muziki wa jazi, kifuniko kikacheza ngoma. Jambo hilo halidai programu ghali. Ladai mtu aliyetazama kanda zake zote hadi mwisho (na wengi wetu hatufiki huko).

Lakini je, anayeokota picha ni sawa na anayeokota chakula? Hapa ndipo ninapotofautiana na filamu. Yumo mwanamume msomi anayekula mabaki ya soko mjini Paris, na jioni hufundisha Kifaransa wahamiaji kutoka Mali na Senegal bila malipo. Kwake masazo ni mlo. Varda akikosa picha, chakula kinamngoja nyumbani.

Katika Deux ans après (2002) Varda alimrudia mtu huyo, naye akamwambia waziwazi kwamba zile sehemu za Varda kujipiga picha hazikuhitajika. Varda aliiacha lawama hiyo ndani ya filamu. Ningeweza kuuita ujanja wa kujikinga, kwani anayehariri ndiye mwenye neno la mwisho. Hata hivyo nauthamini uamuzi huo kuliko kifuniko kinachocheza, maana hapa alichobakiza kilikuwa dhidi yake.

Mwaka 2003, huko Venice, alionyesha Patatutopia: viazi vilivyochipua kwenye skrini tatu, na viazi halisi vimetandazwa sakafuni. Inapendeza kuitazama, ila watu wa sokoni hawamo tena. Nadhani yule mwalimu wa jioni angetaka kujua vile viazi vya sakafuni vingeliwa na nani.